Zizi la Akina Pinder

Leeds,
2 Agosti 1988

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na kile kikohozi cha vumbi la mawe kimepungua. Mimi sijambo, ila usingizi nimeshasahau ulivyo.

Jumanne iliyopita, tarehe 26 Julai, nilijifungua salama mtoto wa kiume. Ana ratili saba na nusu, nywele nyekundu kama za marehemu Mama, na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Nimemwita Laurence. Usiniulize kwa nini, nimelipenda tu. Naye anakuamkia: shikamoo, babu.

Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe simu hatuiwezi. Tangu baruti za machimboni zilipoliua sikio lako la kulia, ukishika simu unapiga kelele, nami nikisikia kelele napandisha zangu. Ndivyo tulivyogombana Machi. Nilikuambia nina mimba, na kwamba Neville Clegg amekwenda kufanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Aberdeen na hana mpango wa kurudi. Ukanijibu maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikiosha vyombo: "Jina la Pinder halikuokotwa njiani. Usije ukambandika mtoto asiye na baba."

Sasa mtoto yupo. Sheria inanipa siku arobaini na mbili za kumwandikisha, na ya mwisho ni tarehe 6 Septemba. Jina la ukoo nachagua mimi. Naweza kuandika letu, naweza kuandika la Neville. Kisheria ruhusa yako siihitaji, Baba, lakini naitaka. Sitaki mwanangu atembee na jina ambalo babu yake analiona kama kitu cha wizi.

Halafu fikiria na hili. Wewe mtoto wako ni mimi peke yangu. Ningeolewa kanisani kwa gauni jeupe kama ulivyotaka, leo ningekuwa Bibi Clegg, na jina la Pinder lingeishia kwako. Kumbe aibu yangu ndiyo inayoweza kuliokoa! Cheka basi, hata kidogo.

Nijibu, Baba.

Binti yako,
Rosalind


Garthby,
9 Agosti 1988

Mwanangu Rosalind,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na ninamshukuru Mungu umejifungua salama. Mimi mzima. Goti ni lilelile, na kikohozi nacho hakijahama. Bi Agnes wa dukani anakusalimu. Nadhani aliusoma mhuri wa Leeds kabla yangu.

Baraza la kijiji limenipa kazi. Wanataka zizi la zamani pale njia panda lijengwe upya kabla ya mashindano ya vijiji nadhifu mwakani. Mwaka huu tumeshindwa kwa sababu ya zizi hilo. Majaji waliandika kwamba Garthby ina maua mazuri na gofu moja. Bila shaka unalikumbuka, ulikuwa ukicheza humo: ukuta wa mviringo, lango moja. Upande wa kaskazini umelala chini wote. Nimeanza kuyapanga mawe kwenye majani, makubwa huku, madogo kule, na mgongo umenikumbusha kuwa nina miaka hamsini na minne. Nafanya kazi kwa sheria ileile niliyokufundisha ulipokuwa mdogo: jiwe ukishalinyanyua hulirudishi chini, unalitafutia nafasi ukutani.

Mwenyekiti wa baraza ni mama mmoja aliyehamia kutoka kusini. Juzi aliniuliza kama zizi lile lilikuwa choo cha Warumi. Nikamwambia, mama wee, ng'ombe au kondoo akikutwa anazurura kwenye shamba la mtu, alifungiwa humu mpaka mwenyewe aje kumkomboa, na mwenye ufunguo wa lango aliitwa pinder. "Kumbe ndio ninyi!" akasema. Nikamjibu ndiyo, ndio sisi.

Kuhusu lile jambo la jina, nilisema nilichosema. Sijui niongeze nini.

Kwenye kifurushi kuna blanketi alilofuma marehemu mama yako. Lilikuwa kabatini linaliwa na nondo bure. Pia kuna chupa mbili za jamu.

Ni mimi,
Baba yako


Leeds,
15 Agosti 1988

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Hali zetu ni njema. Laurence amegundua mikono yake na anaiogopa.

Blanketi limefika. Nilipolifungua nikasikia harufu ya kabati la Mama, nikakaa chini jikoni nikalia mpaka mtoto akanyamaza kunisikiliza. Ahsante. Wewe ni mtu wa ajabu sana, unatuma blanketi kwa mtoto ambaye hutaki hata kumtaja. Shikamoo yangu uliiitikia, yake hukuiitikia. Niliisoma barua mara tatu nikiitafuta hiyo marahaba.

Juzi nilimpeleka maktaba wenzangu wa kazini wamwone. Walipokuwa wanagombania kumbeba, nikateremsha vitabu vya simu vya nchi nzima, nikawatafuta watu wetu. Akina Pinder tumejaa hapa Yorkshire, na Lincolnshire, na Nottinghamshire. Ukishuka kusini tunapungua, na kule Cornwall nilimwona mmoja tu, maskini, sijui alipotelea vipi huko. Lakini hatuwafikii akina Smith hata kwa ndoto! Kila kijiji kilihitaji mhunzi, na mhunzi alikuwa na kazi kila siku ya Mungu, ndiyo maana hao wamejaza kurasa na kurasa. Mlinzi wa zizi alitosha mmoja, na pengine siku nyingine alishinda anapiga miayo.

Kitabu cha majina kinasema kama ulivyosema wewe: ni jina la kazi, limetoka kwenye neno la zamani la kufungia. Basi nikawaza. Wa kwanza wetu hakuzaliwa Pinder, Baba. Alipewa kazi, kazi ikampa jina, wanawe wakalirithi, hata wale ambao kondoo waliwachukia. Sasa hiyo damu ya Pinder unayoilinda kama dhahabu ilianzia wapi, kama si kwa mtu mmoja aliyekabidhiwa ufunguo?

Nilitaka kumchorea Laurence ukurasa wa ukoo, jina lolote atakalopata. Nikaomba filamu zenye picha za kurasa za daftari la ubatizo la kanisa la Garthby. Babu Amos nimempata, mwaka 1891, na baba yake, na wengine sita nyuma yao, wote wajenzi wa kuta. Wewe sijakuona. Nimetafuta 1934, nikatafuta 1935, hata 1936. Ulibatizwa wapi?

Zimebaki siku ishirini na mbili.

Binti yako mwenye kichwa kigumu, na unajua alikirithi kwa nani,
Rosalind


Leeds,
27 Agosti 1988

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana siku kumi na mbili sijapata hata mstari mmoja. Jana nilipiga simu dukani kwa Bi Agnes. Akasema, "Baba yako? Yuko zizini toka asubuhi, mzima kama punda. Nimwite?" Nikasema hapana, nikakata.

Kwa hiyo mkono wa kunyanyua mawe unao, wa kushika kalamu ndio huna.

Miadi yangu na mwandikishaji ni tarehe 6, saa nane mchana. Nikifika siku hiyo sina neno lako, nitamwandika Clegg, na sitakusumbua tena kuhusu jina lako. Nimechoka kubisha hodi.

Rosalind


Garthby,
1 Septemba 1988

Mwanangu mpenzi, mama yangu,

Marahaba. Usikasirike, nisome mpaka mwisho. Barua hii nimeianza mara nne, na tatu zimewasha moto jikoni. Mzima sikuwa, tangu uliponiuliza nilibatizwa wapi.

Sikubatizwa Garthby. Nilizaliwa Hull, na jina langu lilikuwa Wilfred Suddaby.

Septemba 1939 walitutoa watoto mjini kwa treni, kuepuka mabomu. Nilikuwa na miaka mitano. Kila mtoto alifungiwa karatasi kwenye kifungo cha koti: jina lake, shule yake. Tulipofika walitupanga kwenye ukumbi wa kanisa, na watu wa kijiji wakaja kuchagua. Wasichana wakubwa walikwenda kwanza, kwa sababu wanajua kuosha vyombo. Halafu wavulana wenye mabega. Mimi nilikuwa nimejikojolea kwenye treni na nilikuwa na vidonda mdomoni. Nilibaki peke yangu chini ya saa ya ukutani.

Amos Pinder hakuja kuchagua mtoto. Alikuja kuchukua ngazi yake iliyoazimwa na kanisa. Mama msimamizi wa ukumbi akamwambia, "Amos, hebu mshike huyu kidogo, natafuta orodha yangu." Akaninyanyua, na mkojo wangu wote, akanikalisha mkononi mwake. Yule mama aliporudi akasema, "Haya, mweke chini, nitamtafutia mtu." Amos akamwambia, "Nimeshamnyanyua." Akaondoka na mimi, ngazi akaisahau palepale.

Basi ndiyo hiyo sheria ya mawe niliyokufundisha. Aliyenifundisha alinifanyia kwanza mimi.

Yeye na Hannah hawakuwa na mtoto. Mei 1941 Hull ililipuliwa usiku mbili mfululizo, na barua ambazo Amos alikuwa akimwandikia mama yangu zikaanza kurudi bila kufunguliwa. Hatukujua kama amekufa, amehama, au hataki. Vita vilipokwisha, wenzangu walifuatwa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nikisimama langoni kila basi lilipopita. Hannah alitaka nipewe jina lao siku hiyohiyo, lakini Amos akakataa. Alisema zamani mnyama wa zizini alingojewa mwaka mmoja na siku moja. Kabla ya hapo ana mwenyewe, hata kama mwenyewe haonekani. Baada ya hapo hakuna wa kumdai. Akahesabu kuanzia siku vita vilipokwisha. Tarehe 9 Mei 1946 akavaa koti la Jumapili, tukapanda basi hadi kwa hakimu. Tuliporudi Hannah alikuwa ameoka keki kwa sukari ya mgawo wa mwezi mzima. Akanikatia kipande kikubwa kuliko uso wangu, akasema, "Kula, Pinder."

Kwenye ile karatasi ya koti hapakuwa na jina la baba. Hata kwenye cheti hapakuwa nalo. Wavulana wa shule walijua, na walikuwa na neno lao la kunirushia njiani. Wewe unalijua hilo neno, kwa sababu Machi nililiokota mahali lilipoangukia nikakurushia wewe na mwanao. Mtu aliyepewa jina hulilinda kuliko aliyezaliwa nalo, anaogopa lisije likachukuliwa. Nilikuambia halikuokotwa njiani. Ni uongo, mama. La kwangu liliokotwa, na mimi pamoja nalo.

Wazee wote wa hapa wanajua. Watu wetu watakueleza ugonjwa wa tumbo lao mpaka chakula kikushinde, lakini jambo kama hili wanaona si adabu kuligusa. Miaka yote wamenyamaza kwa kunistahi, na mimi nikadhani wananyamaza kwa kuniona aibu. Mama yako alijua. Alinisihi nikuambie, nikawa nasema kesho, na kesho zikaisha.

Mwandike Pinder. Kitanda hakizai haramu. Kama bado unalitaka jina hili, ni lake kuliko lilivyokuwa langu. Nisamehe.

Na yule mdogo mwambie: marahaba, baba. Marahaba mara mia.

Baba yako anayekupenda,
Wilfred


Leeds,
17 Septemba 1988

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Posta waligoma, unajua. Mifuko ililundikana kila mahali, na barua yako ya tarehe 1 imenifikia leo, Jumamosi, imebanwa kati ya bili ya gesi na tangazo la mazulia. Niliisoma nimesimama mlangoni. Jirani akaniuliza nani amekufa.

Baba, nimemwandika Clegg.

Tarehe 6 nilikaa nje ya ofisi hadi saa nane na robo. Nilikuwa nimempitia mtu wa posta asubuhi, nikampitia tena mchana, hana kitu, na sikutaka kuamini kuwa ni mgomo. Nilisema ni wewe. Mwandikishaji ni mzee mpole, ana kalamu yake ya wino na chupa ya wino maalumu. Akaniambia wino huo ukikauka unazidi kuwa mweusi kadiri miaka inavyokwenda. Akauliza, "Jina la ukoo?" Nikamwambia. Mkono wake ulipokuwa unaandika ile herufi ya kwanza nilitaka kumshika, sikumshika. Nilikuwa na hasira, na hasira hasara, uliniambia tangu nina miaka mitatu.

Naona mtoto wa miaka mitano chini ya saa. Naona na vidonda vyenyewe. Laiti ningejua, ningekuja Garthby kwa miguu. Kwa nini hamkuniambia? Nimempigia simu Bi Agnes, nimemuuliza, "Ulijua?" Akasema, "Mwanangu, nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilisimama mlango wa ukumbi nikawaona wanatoka. Lakini si mambo ya kusema dukani." Miaka arobaini na tisa anauza mkate, hajapata mahali pa kusema!

Jumatatu ya tarehe 26 nakwenda kwa wakili. Kuna hati ya kubadilisha jina, inasainiwa tu mbele ya mashahidi. Mwezi hauishi, Laurence atakuwa Pinder. Niambie utakuja kushuhudia.

Binti yako,
Rosalind


Garthby,
22 Septemba 1988

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Machi. Usilie tena. Kosa ni la kwangu. Mwenye mdomo wa kusema mabaya upesi angekuwa na kalamu ya kusema mema upesi pia.

Kwa wakili usiende. Ngoja kwanza.

Mtoto amepewa jina la Neville. Vizuri au vibaya, Neville sasa ana alama yake juu ya mtoto. Mwandikie, mweleze mtoto yupo, anaitwa nani, anakaa wapi. Halafu tungoje mwaka mmoja na siku moja, kuanzia ile tarehe 6. Asipokuja, saini hati yako, na mimi nitakuwa shahidi kwa koti la Jumapili.

Utasema mzee amechanganyikiwa. Sawa. Lakini mimi jina hili nilipewa hivyo, na sijui njia nyingine ya kulitoa.

Krismasi nakuja Leeds. Mwambie Laurence ajiandae, nitamwonyesha ndevu.

Baba yako


Leeds,
12 Juni 1989

Baba mpendwa,

Shikamoo. Afya yako vipi, na zizi limefikia wapi? Laurence anasimama kwa kushika kiti. Tangu uje Krismasi, kila mwanamume mwenye ndevu anamnyooshea mikono. Jana alimshika mhubiri ndevu mtaani, nusura azing'oe.

Neville amejibu. Miezi tisa kimya, sasa ametuma kadi ya picha ya meli. Anasema atakuja Agosti. Anasema mtoto mwenye jina lake ana haki ya kukaa na watu wake, na kwamba mama yake ana chumba cha ziada. Anamwita "kijana wangu." Hajauliza hata kama ana meno.

Nakuambia ukweli, Baba, nimekukasirikia. Ningekwenda kwa wakili Septemba, leo Neville asingekuwa na jina la kushikia. Sheria yako ilikuwa ya kondoo. Huyu si kondoo. Usiku namlaza kitandani kwangu na mlango nimeuwekea kiti.

Niambie nifanye nini.

Rosalind


Garthby,
15 Juni 1989

Mama,

Marahaba. Kiti kiondoe mlangoni, utakuja kujikwaa.

Kwanza elewa hili: hakuna wa kukunyang'anya mtoto. Wewe ndiye mama, ndiye umemlea, na hakimu yeyote atakuambia hivyo. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kadi ya meli haijabadilisha nepi hata moja. Kama ningeona hatari ningekuwa nimeshafika hapo na nyundo.

Sikukuambia ungoje ili tumpe Neville mtoto. Nilitaka apewe nafasi ya kuwa baba, na ionekane kuwa alipewa. Mimi nina miaka hamsini na mitano na mpaka leo sijui kama mama yangu alinitafuta. Lakini najua kwamba Amos alimngojea. Alimwandikia, akamwekea mlango wazi mpaka siku ya mwisho, hakuniiba kwa mtu. Hilo limenitosha maisha yangu yote. Siku moja Laurence atakuuliza. Sitaki ukose jibu.

Na kudai hakufanywi kwa kadi. Mwenye mnyama alikuja kwa miguu yake hadi langoni, akamtambua wa kwake kati ya wengi, mnyama naye akageuza shingo. Akija Agosti mpe chai, mpe mtoto ampakate. Tutaona shingo itageukia wapi.

Nimempelekea Neville barua mimi mwenyewe. Nimemwambia ikimpita Agosti, siku ya mwisho, tarehe 7 Septemba, nitakuwa kwenye zizi la Garthby tangu asubuhi, na lango litakuwa wazi. Ni kituo kimoja cha basi, hawezi kupotea.

Baba yako


Garthby,
8 Septemba 1989

Mwanangu Rosalind,

Natumaini wewe na mtoto hamjambo. Mimi sijambo, ila nimechomwa na jua kipara kizima, kama utakavyosikia.

Agosti ilipita, nawe ukanyamaza, na mimi sikukuuliza. Nilijua kwamba angekuja ungeniambia, na nilijua pia ulivyokuwa unahesabu siku.

Jana nilifungua lango saa moja asubuhi. Zizi limekwisha, Rosalind. Ukuta umesimama mduara mzima, na mawe yote yaliyokuwa chini yamepata nafasi, hata yale mabaya. Nikaweka kigoda katikati ya lango, chupa ya chai, mkate wa jibini. Mabasi manne yalipita. Kila lilipopunguza mwendo moyo wangu ulifanya kama ulivyofanya nikiwa na miaka kumi na moja, isipokuwa safari hii sikujua naomba ashuke mtu au asishuke. Nilijilazimisha kuomba ashuke. Nilitaka iwe haki.

Saa tisa gari dogo la bluu likasimama. Akashuka kijana mrefu wa makamo ya Neville, nikasimama, nikavua kofia. Nikamwambia, "Karibu, yuko Leeds, nitakupeleka." Akanionyesha kitambulisho. Kumbe ni jaji wa vijiji nadhifu. Akauliza kama mimi ndiye mlinzi wa hapa, nikasema ndiyo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaniuliza kwa nini nimekaa langoni na zizi ni tupu. Sikuwa na jibu fupi, basi nikamwambia lote, tangu ngazi ya Amos. Alikaa kwenye majani akanisikiliza, chai yangu akaimaliza. Tukishinda mwaka huu, ujue ni wewe na mwanao.

Bi Agnes alipofunga duka alikuja na kigoda chake. Tulikaa wawili mpaka basi la mwisho likapita, halijasimama. Ndipo akasema, "Wilf, mimi niliwaona mnatoka ule ukumbi. Ulikuwa umemshika Amos sikio." Miaka hamsini na siku chache, ndiyo mara ya kwanza mtu wa hapa kunitajia. Nikalia, na yeye akatazama ng'ombe wa upande wa pili mpaka nikamaliza.

Halafu nikafunga lango, nikapiga kigingi.

Akikua akikuuliza, mwambie alingojewa. Mwambie hakuibiwa kwa mtu, na kwamba babu yake alikaa siku nzima mlango ukiwa wazi.

Sasa kwa wakili nenda, ukaichukue hati. Mlete hapa Jumamosi ijayo kwa basi la saa nne, utie saini mbele yangu, mimi shahidi. Koti nimeshalipiga pasi, na Bi Agnes anaoka keki, kwa sababu mimi ningeichoma. Usimpe chochote njiani, nataka afike na njaa. Kisu nitakishika mwenyewe. Nitamkatia kipande kikubwa kuliko uso wake, nimwekee mbele, nimwambie: Kula, Pinder.

Wako,
Babu yake Laurence